Kugeuza Modeli ya Gundam kwa Vipande vya Resini: Mwongozo wa Mjenzi

Seti ya kugeuzia ni mkusanyiko wa vipande vya resini ambavyo havikusudiwi kujenga modeli kamili, bali hutengenezwa ili vichukue nafasi ya baadhi ya vipande vya modeli ya plastiki iliyotoka kiwandani, na kwa njia hiyo roboti iliyochorwa kwenye boksi igeuke kuwa toleo jingine la roboti hiyohiyo, lenye kichwa tofauti, silaha nyingine au mabawa ambayo kiwanda hakikuyatoa. Modeli ya plastiki inayotumika kama msingi wa kazi hiyo itaitwa hapa seti mama. Kuziunganisha seti hizo mbili ni kazi tofauti kabisa na ujenzi wa modeli ya kawaida, kwa sababu vipande vya kiwandani hukatwa kutoka kwenye fremu yake na kubanana vyenyewe hata bila gundi, ilhali vipande vya resini humfikia mjenzi vikiwa na mafuta na mishono, pengine vimepinda, na mara nyingi pale vinapokutana na plastiki hapana tundu wala kishikizo chochote. Ubora wa kazi hii huamuliwa kabla chupa ya rangi haijafunguliwa, yaani katika kuosha, kunyoosha, kujaribisha na kutia pini, na mjenzi anayezipita hatua hizo mbiombio ili aifikie rangi hulazimika kuzirudia huku rangi yenyewe imekwisha kuharibika.

Asili ya ufundi huu ni Japani. Tamthilia ya katuni ya Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino na ambayo mitambo yake ilibuniwa na Kunio Okawara, ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwezi Aprili 1979, na mwezi Julai 1980 kampuni ya Bandai ikatoa modeli ya kwanza ya plastiki ya roboti hiyo kwa kipimo cha 1/144, bei yake yeni 300. Kipimo hicho maana yake ni kwamba kitu chenye urefu wa sentimita 144 katika hadithi huwakilishwa na sentimita moja mezani, hivyo roboti yenye mita 18 huwa na sentimita 12.5, na katika kipimo kikubwa zaidi cha 1/100 huwa na sentimita 18. Modeli hizi, ambazo Wajapani huziita gunpla, zimepangwa katika madaraja kadiri ya ugumu na wingi wa vipande, yakiwamo High Grade lililoanza mwaka 1990, Master Grade la mwaka 1995 na Perfect Grade la mwaka 1998.

Sababu ya kuwapo kwa resini pembeni ya plastiki ni ya kiuchumi kabla ya kuwa ya kisanaa. Plastiki ya modeli husindikwa kwa mashine katika kalibu za chuma, na kalibu ya chuma ni ghali mno kiasi kwamba kiwanda hakiwezi kuichonga pasipo matumaini ya kuuza maelfu ya maboksi, kwa hiyo matoleo ya roboti yanayopendwa na watu wachache huachwa kwenye vitabu vya michoro. Resini ya poliurethani, kwa upande wake, ni vimiminika viwili ambavyo vikichanganywa huganda kwa dakika chache bila mashine wala joto la tanuri, na humiminwa katika kalibu ya silikoni ambayo fundi mmoja anaweza kuitengeneza nyumbani. Ila silikoni huchanika baada ya kumiminiwa mara kadhaa, na kwa kawaida kalibu moja haitoi zaidi ya makumi machache ya nakala. Ndiyo maana seti za resini huwa chache na ghali, na zikiisha hupatikana kwa shida. Uwanja wake mkuu ni Wonder Festival, maonyesho yanayofanyika mara mbili kwa mwaka katika ukumbi wa Makuhari Messe mkoani Chiba, ambako wenye haki za kazi za sanaa huwapa mafundi wadogo kibali cha kuuza vipande vyao kwa siku ya maonyesho tu. Bandai yenyewe, kwa jina la B-Club, ilikuwa ikiuza seti za resini za kugeuzia modeli zake za plastiki.

Kuchagua seti na seti mama

Jambo la kwanza kuhakikishwa ni kwamba seti ya resini na seti mama zinaoana, na hapa jina la roboti na kipimo chake havitoshi. Mfano mzuri ni Nu Gundam, roboti ya filamu ya Char's Counterattack ya mwaka 1988, ambayo katika kipimo cha 1/100 na daraja la Master Grade ilitolewa mwaka 2000, kisha ikachongwa upya mwaka 2012 kwa usanifu wa Hajime Katoki na kuitwa Ver.Ka. Roboti ni ileile, kipimo ni kilekile na daraja ni lilelile, lakini mifupa ya ndani, unene wa mikono na mahali mkoba wa mgongoni unapoingia ni vitu tofauti, kwa hiyo kichwa cha resini kilichochongwa kwa seti ya mwaka 2000 hakiwezi kukaa vizuri juu ya shingo ya ile ya mwaka 2012 pasipo kuchongwa upya. Karatasi ya maelekezo ya seti ya resini hutaja toleo la seti mama inayohitajika, na muuzaji asiyeweza kulitaja toleo hilo waziwazi hafai kupewa fedha.

Jambo la pili ni kuchunguza kama kiwanda hakijatoa plastiki ya kile kinachotafutwa kwa resini. Bandai huuza kwa maagizo maalumu, kupitia duka lake la Premium Bandai, matoleo mengi ambayo zamani yalipatikana kwa resini pekee. Hata silaha za ziada za kuiwezesha Nu Gundam ya Ver.Ka kubeba bamba zake za silaha pande zote mbili za mgongo zilitolewa kwa plastiki kwa njia hiyo. Plastiki ikipatikana, mjenzi asiyetafuta mafunzo ya resini yenyewe anafanya vizuri kuichukua hiyo.

Jambo la tatu ni nakala za wizi, yaani vipande vilivyopatikana kwa mtu kununua seti halali, kuizamisha katika silikoni yake mwenyewe, na kumimina nakala za kuuza kwa bei ya chini bila ridhaa ya mchongaji. Fundi aliyetumia miezi kuchonga kipande cha kwanza hapati chochote katika biashara hiyo, na hilo peke yake lingetosha kuikataa, lakini iko pia hasara inayomwangukia mnunuzi: resini husinyaa kidogo inapoganda, na nakala iliyotokana na nakala husinyaa mara ya pili, kingo zake hufifia, mistari yake hujaa, na kipande kilichokusudiwa kuvikwa juu ya fremu ya plastiki hugoma kuingia. Sehemu kubwa ya lawama kwamba resini haioani na plastiki hutokana na vipande vya aina hii.

Ni muhimu pia kuelewa tangu mwanzo kinachozitofautisha mada hizi mbili, kwa kuwa karibu kila tatizo litakalofuata linatoka hapo. Watu husema resini ni nzito, na kweli mkono wa resini huwa mzito kuliko mkono wa plastiki, lakini uzito wa mada zenyewe hautofautiani sana. Tofauti inatoka katika umbo, kwa sababu kipande cha plastiki ni ganda lenye uwazi ndani na kipande cha resini ni gogo lililojaa. Plastiki ya polistireni huyeyushwa na gundi ya modeli ili nyuso mbili ziwe kitu kimoja, ilhali resini haiyeyuki kwa gundi hiyo hata kidogo, na hivyo inataka ama gundi ya sianoakrileti, ile ambayo madukani huitwa supaglu, ama epoksi ya sehemu mbili. Plastiki hunepa kabla ya kuvunjika, lakini resini, hasa pale ilipo nyembamba, huvunjika ghafla.

Kuosha, kukata na kunyoosha

Siku seti inapofika, vipande vyote vihesabiwe mbele ya karatasi ya maelekezo kabla ya jambo jingine lolote, na kila kimoja kitazamwe chini ya mwanga wa taa iliyolazwa upande, maana rangi ya maziwa au ya krimu ya resini huficha vitundu ambavyo mwanga wa moja kwa moja hauvionyeshi. Mtengenezaji mdogo huweza kubadilisha kipande kilichopungua ikiwa ataarifiwa mapema, wakati kalibu ingali hai.

Baada ya hapo vipande vioshwe. Kalibu hupakwa dawa ya kuachia, yaani mafuta au silikoni nyepesi inayozuia resini isigande pamoja na kalibu, na mabaki ya dawa hiyo hubaki juu ya kila kipande. Rangi ikipakwa juu yake hukaa vizuri kwa macho, kisha hubanduka kama utando siku utepe wa kuzibia unapovutwa. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini hutosha kwa seti nyingi, mradi mswaki uingie katika kila mfereji na kila kona, na vipande visuuzwe na kuachwa vikauke kabisa. Kipande ambacho bado kinateleza mikononi baada ya kuoshwa kirudiwe, au kitumiwe kisafishio maalumu cha resini kinachouzwa na maduka ya modeli. Uoshaji wa pili ni wa lazima baada ya kumaliza kupiga msasa, safari hii kwa ajili ya kuondoa vumbi.

Vumbi hilo linahitaji kusemwa peke yake. Chembe za resini iliyogandishwa ni ndogo mno, huelea hewani kwa muda mrefu na hukaa katika mapafu, kwa hiyo kukata kwa msumeno, kutoboa na kupiga msasa bila barakoa ya kuzuia chembe ndogo, ya kiwango cha N95 au FFP2, ni jambo lisilokubalika, na kitambaa cha kawaida au barakoa ya hospitali hakizuii vya kutosha. Njia iliyo bora ni kutumia msasa wa maji, ule mweusi wanaoutumia mafundi wa rangi za magari, na kuuweka kipande kikiwa kimelowa wakati wote, kwa sababu vumbi lililolowa haliruki. Maji hayo yamwagwe baada ya vumbi kutuama na tope lake lifutwe kwa karatasi na kutupwa. Mjenzi anayemimina vipande vyake mwenyewe anakabiliwa na hatari nyingine, kwani kimojawapo cha vimiminika vya poliurethani kina isosianeti, kemikali inayoweza kuufanya mwili uwe na mzio wa kudumu na kusababisha pumu, na kazi hiyo inataka glavu na mahali penye hewa inayopita. Vipande vinavyochapishwa kwa mashine za pande tatu, ambavyo siku hizi vinauzwa kwa wingi kama seti za kugeuzia, hutokana na resini ya aina nyingine inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Hivyo huwa na mistari ya matabaka badala ya mishono ya kalibu, ni vyepesi zaidi kuvunjika, na vikiwa vinanata havijaganda sawasawa na havipaswi kushikwa kwa mikono mitupu.

Kila kipande kilichomiminwa huwa na vikonyo, ambavyo ni mabaki ya resini iliyoganda katika njia za kumiminia na za kutolea hewa. Kikonyo kinene hakikatwi kwa koleo, maana koleo hubana kabla ya kukata na mbano huo hupasua resini na kuondoka na kipande cha ukingo. Hukatwa kwa msumeno wenye meno madogo, milimita moja au mbili nje ya mstari wa kipande, na kilichobaki huondolewa kwa kisu na tupa, kisha kwa msasa. Mshono wa kalibu, yaani mstari mwembamba unaozunguka kipande pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, hukwanguliwa kwa ukali wa kisu ulioshikwa wima. Wakati mwingine nusu hizo huwa zimesogea na kuacha ngazi badala ya mstari, na hapo hakuna njia ya mkato: upande wa chini hujazwa puti, upande wa juu hupunguzwa, na umbo hutafutwa upya kwa msasa.

Vitundu vya hewa ni ugonjwa wa kawaida wa resini. Kilicho wazi husafishwa kwa ncha ya keekee ili kuta zake ziwe imara, kisha hujazwa supaglu iliyochanganywa na unga laini wa talki, ambayo huwa ngumu karibu sawa na resini na hivyo hupigwa msasa bila kuacha shimo. Puti laini ya tyubu hufaa mikwaruzo tu, kwa kuwa husinyaa inapokauka na kulirudisha shimo wiki chache baadaye. Kwa mashimo makubwa na kona zilizovunjika hutumika puti ya epoksi, au puti ya poliesta, ambayo ni ya jamii moja na ile inayotumika kuziba mabati ya magari. Mjenzi asihuzunike akikuta vitundu vipya baada ya kupaka praima, yaani tabaka la kwanza chini ya rangi, kwa sababu hutokea hata kwa seti zilizomiminwa vizuri kabisa.

Vipande virefu na vyembamba, kama mitutu ya bunduki, antena na bamba za mabawa, mara nyingi hufika vikiwa vimebenjuka, ama kwa kutolewa katika kalibu mapema ama kwa joto la safari. Tiba yake ni maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 80, ambamo kipande huzamishwa mpaka kilegee, kikatolewa, kikanyooshwa juu ya kioo au kigae kilicho sawa, na kikiwa bado kimeshikiliwa kikaingizwa katika maji baridi. Kipande chembamba hulegea kwa sekunde chache tu, na kisichotii mara ya kwanza hurudishwa majini badala ya kulazimishwa kwa nguvu. Resini ina tabia ya kulikumbuka pindo lake, hasa katika nchi za joto, kwa hiyo mtutu mrefu hufaa kutobolewa na kuingizwa waya wa chuma ndani, au kubadilishwa kabisa kwa bomba jembamba la shaba la kipenyo hichohicho.

Viungo na pini

Kujaribisha maana yake ni kuviweka vipande vyote mahali pake bila gundi, kwa kuvishikiza kwa utepe wa karatasi au udongo wa kunata, ili roboti nzima isimame na kuonekana kabla uamuzi wowote usioweza kutanguliwa haujafanywa. Hatua hii hufanywa baada ya seti mama kujengwa mpaka kwenye fremu ya ndani, na kabla ya kukata plastiki yoyote ambayo maelekezo yanataka ikatwe. Inastahili kupewa muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, kwa kuwa ndipo hujulikana kama goti linaweza kukunjwa bila kugonga kinga mpya ya resini, kama kiuno kinazunguka, kama kichwa kipya kinaweza kugeuka bila kukwaruza kola. Nafasi inayoachwa kati ya kipande kinachosogea na jirani yake izingatie pia unene wa rangi, maana matabaka ya praima, rangi na vanishi huongeza sehemu ya milimita kila upande, na kiungo kilichopita kwa kubana wakati wa majaribio kitachubuka mara tu kikipakwa rangi.

Kanuni inayoongoza kazi ya viungo ni kwamba kinachosogea kibaki plastiki na resini iwe ngozi tu. Modeli za Master Grade zina fremu ya ndani ambayo viungo vyake hushikwa ama na msuguano wa plastiki kwa plastiki ama na polikapu, yaani vikombe vidogo vya plastiki laini vinavyobana ncha za viungo bila kuchakaa upesi. Resini ikitumika kama ncha ya kiungo husagika na kuwa unga, au hukatika. Pale ambapo seti imeleta kiungo cha resini, kwa mfano bega jipya lenye ncha yake, ni vizuri ncha hiyo ikatwe na badala yake ipachikwe ncha ya plastiki kutoka kwenye vipande visivyotumika vya seti mama. Kiungo kinacholegea chini ya uzito mpya huimarishwa kwa kupaka tabaka jembamba la supaglu kwenye ncha yake na kuliacha likauke kabisa, pengine hadi kesho yake, kabla ya kuirudisha katika kikombe. Tabaka lisilokauka litaugandisha mkono kwenye bega daima.

Supaglu hushika resini kwa haraka na kwa nguvu inapovutwa moja kwa moja, lakini ni dhaifu inapogongwa au kusukumwa kwa ubavu, na ndiyo sababu kila muungano unaobeba uzito hutiwa pini, yaani kijiti cha shaba ya manjano kinachopita ndani ya vipande vyote viwili. Vifaa vyake ni keekee ndogo ya mkono, inayozungushwa kwa vidole, na fito za shaba za milimita 1 kwa vipande vidogo, 2 kwa vya kati na 3 kwa vile vinavyobeba vingine. Keekee ya umeme haifai, kwa sababu huichoma resini na hupotoka kabla jicho halijaona.

Mkoba wa mgongoni wa Nu Gundam unaonyesha kazi hii vizuri. Roboti hiyo hubeba bamba sita za silaha ziitwazo Fin Funnel, zote zikiwa zimening'inizwa upande wa kushoto wa mgongo kama joho lililotupwa begani, na hata modeli ya plastiki tupu huelemea upande huo. Mjenzi anayetia mkoba na bamba za resini huwa ameongeza mzigo kwenye muungano mmoja ulio mbali na katikati ya mwili, na gundi peke yake haiwezi kuuhimili. Tundu la kwanza hutobolewa kwenye mkoba, katikati ya uso unaokutana na bamba, kwa kuanza na ncha ya milimita 1 ambayo haipotoki kirahisi na kisha kulipanua hadi milimita 3, kina chake kisipungue milimita 5 na kisitokee upande wa pili. Ili kupata mahali sahihi pa tundu la pili, kipande kifupi cha ufito huingizwa katika tundu la kwanza kikiwa kimejitokeza kidogo tu, ncha yake hutiwa tone la rangi, na vipande viwili hukutanishwa mara moja katika mkao wake halisi. Alama inayobaki kwenye bamba ndiyo mahali pa kutoboa. Hata hivyo mkono wa mtu huweza kukosea kwa nusu milimita, kwa hiyo tundu la pili hutobolewa pana kidogo kuliko ufito na kujazwa epoksi, ambayo inapoganda polepole humpa mjenzi dakika za kuinyoosha bamba mpaka ilingane na wenzake, na ikishaganda hujaza nafasi yote iliyobaki kuzunguka pini. Ufito ukwaruzwe kwa msasa kabla ya kuingizwa, kwani gundi haishiki shaba inayong'aa.

Vipande ambavyo lazima vitolewe, ama kwa ajili ya usafiri ama kwa sababu roboti inaonyeshwa kwa namna mbili, hutiwa pini bila gundi upande mmoja, au sumaku ndogo za neodimi, mradi pande za sumaku zikaguliwe na kutiwa alama kabla ya kugundishwa. Na ikiwa mzigo wa mgongoni bado unaiangusha roboti baada ya yote hayo, jibu ni kibao chenye nguzo inayoshika kiunoni, ambacho hakina aibu yoyote.

Uso na rangi

Baada ya pini, kazi inayobaki juu ya uso ni ya subira tu. Msasa huanzia namba 320 au 400 kwa kuondoa alama za tupa, hupita 600 na kuishia 800, na hupigwa juu ya kipande cha mbao au plastiki ngumu pale uso unapotakiwa kuwa bapa, maana kidole hubonyea na kuziviringisha kingo ambazo ndizo uzuri wa roboti. Mistari ya mabamba iliyofutika huchongwa upya kwa sindano au kisu cha kuchora, ikiongozwa na utepe mgumu.

Praima ni tabaka la kwanza linaloshika uso na kuipa rangi mahali pa kushika. Praima ya kawaida ya plastiki huweza kubanduka kwenye resini, kwa hiyo hutumika ile iliyotengenezwa kwa ajili ya resini. Kampuni ya GSI Creos ya Japani hutengeneza ya aina hiyo, pamoja na praima za kujaza za Mr. Surfacer, ambazo namba yake inavyozidi kuwa kubwa, kutoka 500 hadi 1500, ndivyo chembe zake zinavyozidi kuwa ndogo. Praima ya kijivu ipakwe roboti nzima, plastiki na resini pamoja, kwa sababu mbili: kijivu kimoja hufichua kila kasoro iliyofichwa na rangi tofauti za mada, na rangi itakayopakwa juu yake itaonekana sawa kila mahali. Wajenzi wengine hupaka rangi vipande vya resini peke yake na kuiacha plastiki na rangi yake ya kiwandani, lakini tofauti ya mng'ao huonekana kwa yeyote anayeitazama kazi kwa karibu, na uchumi huo haulipi.

Rangi za laka hupulizwa kwa brashi ya hewa, yaani kalamu ya kunyunyizia inayoendeshwa na kompresa, katika matabaka membamba. Mjenzi anayeishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam anakutana hapa na tatizo la unyevu, kwa kuwa thina inayoruka haraka huupoza uso wa rangi na unyevu wa hewa huganda juu yake, nayo rangi hupata ukungu mweupe. Jioni za masika hazifai kwa kazi hiyo. Siku kavu, au thina inayochelewa kukauka, huliondoa tatizo kwa kiasi kikubwa. Sehemu za fremu zilizotengenezwa kwa plastiki ya ABS zilindwe zaidi, kwani thina ikipenya katika kiungo kilichobanwa huipasua plastiki hiyo, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Wino wa kujazia mistari wenye thina ya enameli una hatari hiyohiyo, kwa hiyo sehemu hizo hupakwa zikiwa zimefunguliwa, si zikiwa zimebana. Nyuso zinazosuguana zizibwe kwa utepe zisipate rangi kabisa. Stika za maji hubandikwa juu ya vanishi inayong'aa, ambayo haiachi hewa chini yake, na vanishi isiyong'aa hufunga kazi yote na kuifanya resini na plastiki zionekane mada moja.

Roboti iliyokamilika isiwekwe dirishani penye jua, kwa kuwa jua huifanya resini iwe ya manjano na joto huirudisha katika pindo lake la zamani. Vipande vya seti mama ambavyo havikutumika vihifadhiwe katika mfuko wenye jina la modeli, kwani kipande cha resini kikivunjika mtengenezaji wake huenda hana tena kalibu, na kipande cha plastiki ndicho kitakachotoa vipimo vya kuchongea kingine. Kwa anayeanza, inashauriwa seti ya kwanza iwe ya kichwa au ya mkoba wa mgongoni peke yake, katika kipimo cha 1/100, yenye vipande visivyozidi kumi, na ile ya mwili mzima ingoje mpaka atakapoweza kutoboa matundu mawili yanayoonana bila kulazimika kuyapanua.